Kamera ya Kuangalia Gahanga

Kiraka kile nilikiona Jumatatu jioni, nikiwa barazani kwenye nyumba tuliyopanga Kicukiro. Ng'ambo ya bonde, Gahanga, nyumba yangu ilikuwa imesimama bila paa, na kwenye ukuta wa nyuma, upande wa jiko, palikuwa na kitu cheusi. Jumamosi nilikuwa huko huko Gahanga, na ukuta ulikuwa mzima.

Nyumba hiyo niliichora mwenyewe. Nililelewa Karagwe, ng'ambo ya mpaka, na wazazi wasio na shamba, nikajisomesha kwa kuuza mitumba hadi nikapata diploma ya ujenzi, na niliporudi Rwanda nilikuja na begi moja. Leo nina kiwanja na hati yake. Wengi waliorudi wakati mmoja na mimi, tena wenye wajomba serikalini, bado wanapanga. Kwa hiyo ramani ile haikuwa karatasi tu kwangu, na katika ramani ile ukuta wa nyuma hauna uwazi wowote.

Aliyekuwa anajenga ni kaka mkubwa wa mke wangu. Shemeji wa namna hiyo humkagui kama kibarua. Alipokubali kazi aliniomba jambo moja tu: "Shemeji, njoo Jumamosi. Siku nyingine niachie nifanye kazi." Nikaahidi. Lakini Ijumaa wangemwaga mkanda wa zege juu ya kuta zote, na baada ya hapo kosa lolote lingekaa humo milele. Nikitokea kabla ya Jumamosi, ni kumwambia simwamini. Nikisubiri, nimechelewa.

Nilijaribu simu. Nilipovuta picha, kiraka kikakua na kuwa ukungu mweusi. Kilikuwa turubai? Unyevu? Kivuli? Au mtu amebomoa ukuta wangu? Nikaamua kununua kamera inayovuta mbali. Nilikuwa naitaka siku nyingi kwa ajili ya ripoti za kazini, ila isiwe ya bei ya kunifanya nisimamishe ujenzi.

Duka la kwanza, mjini, kijana aliweka kamera ndogo mbele yangu.

"Boss, hii iko na zoom mara themanini. Hata mwezi unaupata."

"Mwezi siuhitaji. Nahitaji Gahanga."

"Gahanga iko karibu kuliko mwezi, boss."

Mteja aliyesimama kando akaingilia kwamba zoom si kitu, cha kuangalia ni megapikseli. Kijana akasema megapikseli nazo ziko, tele. Nikauliza ipi kati ya hizo mbili ndiyo inaleta kitu karibu. Wakajibu kwa pamoja, kila mmoja jibu lake.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nilitoka nayo mlangoni, nikalenga bango la kinyozi mwisho wa mtaa, nikavuta hadi themanini. Herufi zikawa uji.

Duka la pili lilikuwa Biryogo, kwa mzee anayeuza vifaa vilivyotumika. Alinitolea kamera nzito kidogo, imechubuka pembeni.

"Hii ni mara ishirini tu," akasema.

"Mzee wangu, nimetoka kuona ya themanini."

"Hii ishirini ni ya kioo."

"Ya kioo maana yake nini?"

"Maana yake ya kioo. Tazama." Akaiwasha, na lenzi ikatoka nje kama shingo ya kobe.

"Na ile ya themanini?"

"Ile siijui, sikuiuza mimi."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa: namba ndogo, kamera ya zamani, na bei imeizidi ile mpya. Niliuliza kama naweza kuongezewa hiyo hiyo ifike themanini. Akacheka hadi kofia ikasogea. Nikatoka mlangoni nikalenga bango la dobi lililokuwa mbali zaidi kuliko la kinyozi. Nikasoma hata neno la chini lililofifia. Nilipoendelea kubonyeza baada ya lenzi kuacha kutoka, uji ukarudi. Basi nikaelewa, au niliamini nimeelewa: lenzi inapotoka ndipo inapoona kweli, ikishafika mwisho kamera inakuza tu kile ilichokwisha kuona. Nikalipa.

Jumatano niliomba ruhusa kazini nikafika nyumbani mapema. Mke wangu alikuwa ameniaga kwamba anaenda mazoezi ya kwaya. Mkono ukitikisika kidogo Gahanga yote inaruka, kwa hiyo niliilaza kamera juu ya mfuko wa mchele kwenye ukingo wa baraza. Lenzi ikatoka hadi mwisho wake. Kiraka kikawa na pembe nne zilizonyooka. Ulikuwa mlango.

Na mlangoni alisimama mwanamke mwenye kitenge cha kijani, mkono mmoja kiunoni. Uso sikuuona, lakini ule mkono naujua. Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Nilitarajia turubai au kosa la fundi. Sasa nilikuwa na mlango, na mke, na kwaya isiyokuwa kanisani.

Jioni, watoto walipokwisha kula, nilimuuliza, "Kwaya iliendaje?"

"Vizuri. Tumejifunza wimbo mpya."

Nikamsogezea kamera. Aliitazama picha.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Kumbe nimenenepa hivi."

"Mama watoto, huo ni mlango?"

"Ulitaka uwe nini?"

"Ramani yangu haina mlango hapo."

"Ndiyo maana tumeutoboa. Majivu nipitishe wapi, sebuleni, mbele ya wageni wako? Na maji? Na mkaa? Nyumba gani ya Mnyarwanda haina njia ya kutokea uani?"

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ukanijibu una diploma."

"Ninayo."

"Unayo, baba watoto, hakuna aliyekunyang'anya. Na kaka yangu unamchungulia kwa darubini kama mwizi."

"Si darubini. Na nilimwahidi Jumamosi."

"Basi kesho tunakwenda wote, mimi sikuahidi kitu." Akaigeuza kamera mkononi. "Inavuta kweli lakini. Tofali hizi unaweza kuzihesabu."

Sikujua kama amekasirika. Mpaka leo sijui.

Alhamisi tulishuka bondeni tukapanda Gahanga. Tofali za kutosha kuziba ule uwazi zilikuwa zimepangwa pembeni, na zege lilikuwa la kesho. Neno moja kutoka kwangu lingetosha. Shemeji alinawa mikono kwanza ndipo akanisalimia, akauliza habari za kazini na za watoto, kama vile tulipatana nije siku hiyo.

"Nilikuwa nakusubiri, shemeji," akasema. "Nikuwekee fremu hapa, au nizibe?"

Nilisimama kwenye ule uwazi. Mbele yangu palikuwa na ua mpana, mahali pa tangi na pa kuanika nguo, eneo ambalo kwenye ramani nilikuwa nimeliandika tupu.

"Weka fremu," nikasema.

"Ufungukie ndani au nje?"

"Ndani. Upande huu mvua inapiga, mbao zitavimba."

Shemeji akamtazama dada yake.

"Nje," akasema mke wangu. "Ndani utagonga jiko."

Nilitoa futi nikapima hadi pale jiko litakapokaa. Ungegonga jiko.

Unafungukia nje.