Mlango wa Kushoto

Katika simu yangu nina picha ya mlango wa gari lisilo langu. Mama amesimama kando ya mlango huo, kitenge kipya kiunoni, kikapu mkononi, anatabasamu. Picha ile niliipiga nikiwa na hasira. Yeye hakujua. Aliona simu imeinuliwa, akajiweka sawa.

Nilikuwa nimekaa ng'ambo miaka sita bila kurudi. Safari hiyo nilipata siku tano tu za kuwa nyumbani, na siku tano si za kupoteza stendi, kwa hiyo nilikodi gari. Ndiyo, nilikodi gari nchini kwetu kama mtalii, kwa leseni ya nchi ya watu, kwenye kampuni ndogo karibu na uwanja wa ndege wa Songwe. Dada wa kampuni alizunguka gari na fomu yenye mchoro. Mlango wa kushoto ulikuwa na mikwaruzo miwili midogo, akaiwekea alama, nami nikatia sahihi.

Kisha akanieleza habari ya eksesi. Bima ipo, alisema, lakini gari likiharibika, kiasi cha kwanza unakibeba mwenyewe, ndipo bima inaanza. Kiasi hicho walikishikilia kwenye kadi yangu palepale, na kilikaribia mshahara wangu wa mwezi.

"Barabara ya vumbi hatukatazi, dada," aliongeza. "Ila jiwe likigonga mlango, eksesi inakuhusu."

Nilikuwa nimenunua bima nyingine ndogo kule ninakoishi, ya kunirudishia hiyo eksesi nikikatwa. Lakini bima ya kuilipia bima, nani anaiamini? Niliondoka pale kama nimebeba trei ya mayai. Nikapita Mbalizi, nikapita Mbeya mjini, nikaishika barabara ya Makambako polepole, malori yakinipita na kunipigia honi. Karibu na Mafinga harufu ya mbao mbichi iliingia dirishani, na nikalia. Miaka sita nilikuwa nimeitamani harufu ile bila kujua kwamba ndiyo niliyokuwa naitamani.

"Kamwene, mwanangu," mama alinipokea. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Alilizunguka gari mara moja, akagusa boneti. "Na mwenyeji mwenyewe ana safari."

Safari yenyewe ilikuwa ya kwa dada yake, mama mkubwa wangu, ng'ambo ya Mgololo. Mume wake alifanya kazi kiwanda cha karatasi, akafia huko, na mama mkubwa akabaki huko huko. Miguu yake ilikuwa imekataa kutembea, na ya mama haikuwa mbali na kukataa. Hawakuwa wameonana kwa miaka miwili. Mama mkubwa ndiye aliyenilea darasa la kwanza hadi la tatu, mama alipougua. Viazi vyake vya kuchoma kwenye majivu, hadi leo sijapata mfano wake. Nilikuwa na hamu naye kuliko nilivyoweza kusema.

Lakini huko lami inaishia njiani, na baada ya hapo ni vumbi, mawe na malori ya magogo. Siku ya kwanza nikasema kesho. Siku ya pili nikasema nimechoka. Siku ya tatu nikatoa fomu, nikamwonyesha mama ule mchoro, nikamweleza eksesi kama nilivyoelezwa.

"Kwa hiyo gari likiwa na mkwaruzo watakukata?"

"Watanikata, mama. Mwakani nitakuja na muda wa kutosha, tutaenda."

Aliitazama ile fomu kwa muda mrefu. Akaweka kidole kwenye zile alama mbili, akanirudishia, nami nikadhani yamekwisha.

Asubuhi ya siku ya nne niliamshwa na sauti ya kitu kikisuguliwa. Nikatoka. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa kushoto, gunzi la mahindi mkononi, kando yake bakuli la majivu na mchanga laini, kama anasugua sufuria ya ugali. Gari lilikuwa la bluu iliyokolea. Pale kwenye mlango palikuwa na duara jeupe lenye ukubwa wa sinia.

"Mama! Umefanya nini?"

"Si hizi alama mbili walizokuandikia?" Alikuwa anahema, ana furaha. "Nimezitoa. Sasa hawana cha kukukata. Oga, twende kwa dada."

Alikuwa amekwisha kuvaa. Kikapu kilikuwa mlangoni: maharage, sukari, na kitenge cha pili, sare na cha kwake, cha kumvisha dada yake wakae pamoja wapendeze.

Nilikuwa mbogo. Nilimwambia mama yangu mzazi maneno ambayo simwambii hata mtu aliyenikanyaga. Nilimwambia alama zile zilikuwa kinga yangu, kwamba zilikwisha kuandikwa, kwamba sasa ameniharibia. Alisimama, akafuta mikono kwenye kanga kuukuu, akasema tu, "Maji yakishamwagika, mwanangu." Ndipo nikatoa simu kupiga picha ya ushahidi, naye akachukua kikapu chake, akasimama kando ya mlango, akatabasamu. Alifikiri hasira zimeisha na tunaondoka.

Hatukuondoka. Niliondoka peke yangu kesho yake, kurudi Songwe.

Dada wa kampuni alilitazama duara, akapiga mluzi. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama wangeweza kunikata nusu, kwa kuwa ni mlango mmoja tu.

"Hapana, dada. Ukwaruze mlango mmoja au yote minne, eksesi ni ile ile."

Nilisimama pale na begi langu. Yaani tangu mama aliposhika gunzi, ile barabara ya Mgololo ilikuwa bure. Jiwe lolote lingeruka, nilikuwa nimekwisha kuliwa. Tungeenda tukarudi siku ile ile, na mimi nilikuwa jikoni nimenuna, nakunywa chai.

Ile bima yangu ndogo, kumbe ilikuwa ya kweli. Waliniandikia kwamba picha ya mlango inafaa, ila waliomba isiyo na mtu. Gari lilikuwa limebaki Songwe, kwa hiyo nikamkata mama kwenye picha, nikawatumia mlango. Baada ya wiki tatu wakanirudishia kila kitu.

Mama mkubwa alifariki kabla ya mwezi kwisha. Mama alikwenda kuzika akiwa amepakiwa mbele kwenye lori la magogo, na kile kitenge cha pili akakiweka kaburini. Hayo alinisimulia kwenye simu taratibu, kama habari za majirani. 

Mwaka uliofuata nilirudi. Nilikodi gari lililoinuka, la barabara mbaya, nikalipia bima isiyo na eksesi hata senti. Nikamwambia mama, "Leo twende Mgololo, tukaone hata kaburi." Hakubisha. Akavaa kile kitenge, akaketi mlango wa kushoto, kikapu hana. Tuliipita misonobari ya Sao Hill tukiongea habari za bei ya mbao, na nilikaribia kuwa na furaha.

Lami ilipoishia, aliniwekea mkono begani.

"Simama hapa, mwanangu. Watakukata."

"Safari hii hakuna wa kunikata, mama. Nimelipia kila kitu."

Aliitazama ile barabara nyekundu. Lori la magogo lilikuja, likatupita, vumbi likafunika kioo, na bado akawa anatazama.

"Umefanya vizuri," alisema. "Lakini sasa kule nikamwone nani? Geuza tu, turudi."

Nikageuza.