Kombe Lilipanda Gari, Fabrice Akapanda Pikipiki

Siamini bado. Niko naandika "marehemu Fabrice" na vidole vinakataa. Yebaba we! Jumamosi tulicheza fainali ya vyuo, leo tumetoka kumuzika.

Kwa wasiomujua: Fabrice alikuwa golikipa wa chuo cha kule mulimani. Mi ni mushambuliaji wa chuo cha huku Rubona. Tumekua pamoja mutaa wa Mbugangari, ukuta mumoja, bomba moja la maji. Siku ya fainali tulikuwa maadui wa dakika tisini tu.

Mutu wa kelele yule! Asubuhi alinitumia sauti kwenye simu: "We, leta ile mguu yako mbovu, nitaidaka pamoja na mupira." Nilicheka mpaka kocha wetu akanikaripia.

Kipindi cha pili, kona yetu. Aliruka, akagonga kichwa kwenye nguzo ya goli. Nilisikia ile sauti. Hakuna mutu ataniambia ilikuwa kitu kidogo.

Akatapika. Nikamwambia kocha wao, "Mutoeni, huyu haoni vizuri."

Akanicheka. "Munaogopa penalti, eh? Huyu ni simba."

Simba gani! Mutoto wa watu alikuwa ananiuliza mimi ni wa timu gani.

Donc tukaenda penalti. Alidaka mbili, moja ilikuwa yangu. Bila yeye wasingeshika lile kombe hata kwa kidole, naandika hapa kila mutu asome.

Munajua desturi yetu hapa Gisenyi. Ukishinda, kombe linazungushwa muji muzima, honi na pikipiki, mpaka karibu na mupaka ili Goma nayo isikie. Chuo chao kilileta gari moja tu uwanjani, lile la kubeba majeruhi. Wakapakia kombe. Wakapakia wakubwa na spika zao. Fabrice anasema "kichwa, kichwa", wao wanamwambia, "Kaa hapo, tunarudi kukuchukua."

Hawakurudi. Sisi tulioshindwa ndio tulimubeba. Nilimuweka kati yangu na dereva wa pikipiki, nikamukumbatia asianguke. Barabara ya hospitali ilikuwa imezibwa na musafara wao. Tulipiga honi, wakafikiri tunashangilia! Wakatupungia mikono.

Mama yake alikuwa anarudi kutoka Goma kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Akakutana na ile gari, akaweka beseni chini, akacheza. Akauliza, "Mutoto wangu iko wapi?"

"Iko nyuma, mama, anakuja."

Basi akacheza zaidi.

Fabrice alikufa Jumapili, watu wanatoka misa.

Na sasa, nyinyi wa chuo chake, picha zake ziko kwenye kurasa zenu zote, "Shujaa wetu, hatutakusahau." Mulimusahau Jumamosi, jamani! Munaona haya kweli?

Leo asubuhi wakubwa wa chuo chao walikuja na kombe kwenye kilio. Walitaka kuliweka juu ya sanduku, wapige picha. Mama yake hakulia. Alisimama, akalisukuma pembeni kwa mukono, akawaambia polepole:

"Hii ondoeni. Mutapata ingine mwaka kesho."

Wakaliondoa.

Bon, ndugu yangu. Najua we ungewasamehe, roho yako ilikuwa muzuri kupita yangu. Mi siwezi, usiniombe. Lala salama, Fabrice, hasira niachie mimi.