Mpiga Gitaa Aliyenikatiza Hewani

Jumanne nilipigiwa simu kwamba yule mzee mpiga gitaa wa kipindi cha redio cha waandishi na wanamuziki amefariki dunia. Tulimzika Kiseke. Hotuba zilikuwa ndefu kiasi kwamba mama mmoja aliyekaa mbele yangu alinong'ona, "Mwenyewe angekuwepo, huyu msemaji angeshakaa chini." Tulicheka, tukasingizia kikohozi. Ambaye hakuwahi kukisikiliza kipindi kile hawezi kutuelewa, kwa hiyo nieleze.

Kipindi kilirushwa mubashara kila Jumamosi asubuhi hapa Mwanza. Mwandishi anasoma, mwanamuziki anaimba, wasikilizaji wanapiga simu. Mzee aliajiriwa kupiga gitaa kati ya mgeni na mgeni, lakini kazi hiyo aliipanua bila kumwuliza mtu. Mgeni akirefusha maneno, gitaa lilianza polepole, likapanda, mpaka mgeni asijisikie mwenyewe. Mheshimiwa mmoja aliyekuja na kitabu cha maisha yake alikatizwa akiwa bado yuko darasa la tatu. Siku moja msikilizaji wa Misungwi alipiga simu: "Mzee, shikamoo. Mbona unawakatiza wageni?" Akajibu, "Marahaba. Siwakatizi, nawasindikiza."

Zamu yangu ikafika, mimi mwalimu niliyeandika kitabu cha hadithi. Nilikuwa nimeutangazia ukoo mzima. Wakwe zangu kule Busisi walizima hata televisheni. Nilisoma kisa cha mama aliyesafiri kwenda kumwomba radhi dada yake, akakuta amehama. Kisha nikafunga kitabu, nikaanza kufafanua nafasi ya radhi katika jamii yetu. Sijamaliza sentensi ya pili, gitaa hilo! Nikapaza sauti, naye akapandisha. Mtangazaji akatazama dari. Nikanyamaza.

Nilimfuata kwenye korido nimefura. "Mzee, umeniaibisha mbele ya wakwe!"

"Mwalimu," alisema huku akilirudisha gitaa kwenye mfuko wake, "yule mama alipobisha hodi akafunguliwa na mtu asiyemjua, machozi yalinitoka. Nilitaka nibaki naye pale mlangoni. Wewe ukaleta hotuba."

Nilinuna miezi mitatu, halafu nikaufungua mswada wangu mpya na kutoa kurasa kumi na moja za ufafanuzi. Mhariri alinipongeza kwa kukomaa, nami nikapokea pongezi bila kutaja gitaa. Nilipokwenda kumshukuru mzee nilizungumza sana, kama kawaida yangu. Safari hiyo aliniacha nimalize.

Siku hizi kila mtu mjini ana simu mkononi na anahutubia umma tangu asubuhi. Wa kusikiliza ndiye adimu. Nilidhani mzee yule hakupenda maneno, kumbe pale studioni ni yeye peke yake aliyeyafuata moja baada ya jingine, ndiyo maana alijua yalipoishia. Nimejifunza kwake kwamba anayekusikiliza kwa dhati hujua umemaliza kabla wewe mwenyewe hujajua. Ukimpata mtu wa namna hiyo, usimkasirikie muda mrefu.