Mwalimu Phatak na Filamu ya Kibengali

Raghoba Phatak alifundisha shule ya msingi pale Miraj, mji wetu wa Uhindini, kwa miaka ishirini na mbili, lakini mjini tulimjua zaidi kwa kazi yake kwenye hema la sinema. Filamu zilikuwa bubu enzi hizo. Maandishi yakitokea kwenye pazia, yeye husimama pembeni na kuyasoma kwa sauti, kwa kuwa wengi wetu hatukujua kusoma. Mimi nilikuwa mpiga tabla, zile ngoma mbili ndogo, kando yake. Sauti yake ilifika mpaka upande wa wanawake, nyuma ya kitambaa, na mkewe Sarubai huketi huko akimsikiliza kama vile nyumbani hamsikii.

Jumapili moja alasiri ililetwa filamu kutoka Kalkuta. Hema lilishona. Taa zikazimwa, maandishi ya kwanza yakatokea, na Mwalimu akanyamaza. Nikamtazama. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Masta, vipi?" nikamnong'oneza.

"Kibengali, Gunda! Sijui hata herufi moja."

Watu wakaanza kupiga miluzi. Mwalimu akakohoa, akaanza kutunga. Pazia lilionyesha kijana mwenye kilemba akimfuta machozi msichana kando ya mto. Basi wakawa mke na mume, na mzee aliyetokea na barua akawa mkwe mkorofi. Watu wakatulia. Nami nikamsaidia, kila alipokwama napiga tabla kwa nguvu.

Mambo yakaharibika sehemu ya tatu. Msichana alitokea amevaa kibibi harusi, na yule kijana mwenye kilemba ndiye anamkabidhi kwa bwana mwingine!

"Ala!" akapaza sauti mama mmoja nyuma ya kitambaa. "Anamwoza mke wake mwenyewe?"

Hema zima likacheka. Mwalimu akafumba macho kidogo.

"Tulieni, mama zangu!" akasema. "Huyo siye mkewe. Huyo ni pacha wake!"

Wakapiga makofi. Kuanzia hapo kila msichana alipotokea watu walibishana: huyu mke au pacha? Hata walipotoka walitoka wakibishana.

Tulipokuwa tunakunja busati akaja Haripada, karani wa reli, Mbengali pekee mjini. Alikuwa amecheka mpaka macho mekundu.

"Mwalimu, yule kijana ni kaka yake huyo msichana."

Mwalimu akainamisha kichwa. "Nimewadanganya watoto wa watu."

"Umewadanganya vizuri, ndugu yangu."

Lakini Mwalimu hakupata amani. Asubuhi iliyofuata alikwenda stesheni, Haripada akamtafsiria kisa chote, naye akakiandika kwenye daftari. Jioni akasoma sawasawa, neno kwa neno. Haikupita robo saa, watu wakaanza kunung'unika.

"Pacha yuko wapi?"

"Mmemkata? Turudishieni pacha!"

Mwalimu akageuka kumtafuta Haripada. Alikuwa mstari wa mbele, naye anapiga kelele pamoja nao: "Pacha! Pacha!" Mwalimu akafunga daftari, akampa mji wa Miraj pacha wake. Filamu ile ilikaa wiki tatu.

Nilimsikia Sarubai akimwambia njiani, "Baba Indu, miaka yote hii sikujua kama una uongo mtamu namna hiyo."

"Nyamaza wewe, watasikia wanafunzi."

"Walikuwepo wote!"

Mwalimu akacheka, naye si mtu wa kucheka barabarani.

Miaka michache baadaye zikaja filamu zenye sauti. Mimi nikahamia bendi ya harusi, yeye akabaki na shule yake mpaka alipostaafu. Haripada akawa anakuja kila Jumapili kula kwao, akilalamika kwamba nyumba ya Wabrahmini wasiokula nyama haina hata samaki, na Sarubai anamjibu aende akawavue stesheni. Baada ya kula anamfundisha Mwalimu herufi za Kibengali barazani. Ilimchukua Mwalimu karibu mwaka mzima. Nilipita siku moja nikamkuta na gazeti la Kalkuta la mwezi uliopita, kidole kwenye mstari, anasoma bei ya jute, nyuzi za magunia, kwa sauti ile ile ya hemani, na uso wake umekunjuka.