Skrini ya Kushoto

Kwa miaka ishirini na sita, wenzake kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu walimwita Darubini, maana kosa halikumpita hata likijificha nyuma ya nukta. Alisoma kwa skrini mbili: andiko la mwandishi kushoto, ukurasa uliopangwa kulia.

Vifaa vipya vilipoletwa, meneja alimtania, "Mzee, wewe na skrini zako ni kama mtu mwenye wake wawili, shingo haipumziki. Nikupe moja pana, au mbili zilezile?"

Watu wakacheka. Darubini akaitazama skrini ya kushoto. Jicho lake la kushoto lilikuwa limezimika kidogo kidogo, na hata mkewe hakujua. Lakini juzi kitabu cha watoto kilitoka kimekosa mstari mzima, na lawama ikamwangukia dada anayepanga kurasa.

"Nipe moja, mwanangu," alisema. "Uiweke upande wa kulia. Jicho la kushoto limeniaga, na ule mstari ulinipita mimi."

Kicheko kikakatika. Dada yule akainuka, akaisogeza skrini pana taratibu kwa mikono miwili, hadi mzee alipomwambia, "Hapo hapo, mama. Hapo naona."