Niliwaita Watu Kazini Bila Kazi Kuwepo, Nikawasingizia Wadukuzi

Ndugu zangu, hakuna mdukuzi aliyeingia. Ni mimi. Nimelibeba neno hili mpaka limenichosha, na leo nalitoa hadharani, ingawa jina langu naomba nibaki nalo. Nina aibu, jamani!

Nilikuwa mtu wa kompyuta kwenye kampuni ndogo ya Kahama inayotafutia migodi wafanyakazi. Waombaji walikuwa wengi, toka Geita mpaka Shinyanga mjini, na bosi wetu, Mama Kulwa, alichoka kuwajibu mmoja mmoja. Akaniambia, "Mwanangu, tengeneza kitu kiwaandikie chenyewe."

Nikatengeneza. Programu yangu ilichukua anwani ya mwombaji na kuikabidhi kwa huduma ya barua pepe ya kukodi mtandaoni, nayo ikampelekea ujumbe wenye jina lake. Huduma ile inakuanzisha kwenye majaribio: unatuma kwa anwani ulizozithibitisha mwenyewe tu, kama yangu na ya Mama Kulwa. Nyingine zote inazikataa. Nilikuwa nimeshaomba tufunguliwe tuweze kumwandikia yeyote, nikawa nasubiri jibu.

Ijumaa moja asubuhi nikataka kuona kama programu itahimili watu wengi kwa mkupuo. Badala ya kutunga anwani za uongo, nikachomeka za waombaji wenyewe. Uvivu! Nilijiambia zitakataliwa zote. Na ujumbe wa mfano niliuandika hivi hivi tu: "Hongera, umechaguliwa. Ripoti Jumatatu asubuhi ofisini kwetu Kahama ukiwa na vifaa vyako."

Nikabonyeza, nikangoja maandishi mekundu ya kukataliwa. Hayakuja. Imetumwa. Imetumwa. Imetumwa.

Nikafungua barua zangu: jibu la kutufungulia lilikuwa limeingia tangu jana yake, na mimi sikulisoma!

Barua pepe ikishatoka hairudi. Lakini dawa nilikuwa nayo. Programu ile ile ingewapelekea wote neno la kusahihisha kabla chai ya saa nne haijaletwa. Ila ningelazimika kumwambia Mama Kulwa, na mimi nilikuwa bado kwenye muda wa matazamio. Nikaogopa. Nikakaa kimya kama sijui kitu.

Mchana simu ikaita. Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Nimwite Masele. Alikuwa mwalimu wa shule binafsi kule Buseresere, na aliwahi kuomba kazi ya stoo mgodini kupitia kwetu.

"Shemeji, nimechaguliwa!" Nyuma yake nilimsikia dada yangu akipiga vigelegele. "Wabeja sana, asante! Najua umenisemea."

"Sijakusemea, shemeji."

"Haya, wewe uko ndani, hebu niambie. Mkuu wa shule hataki mtu wa mguu ndani mguu nje. Nikiaga, nimeaga. Hii ni ya kweli?"

Nikainuka kwanza, nikafunga mlango Mama Kulwa asisikie. "Upo?"

"Kama imetoka ofisini," nikasema, "basi imetoka."

Ee Mungu wangu! Hata kudanganya waziwazi sikuweza. Nilitafuta maneno ya kujificha nyuma yake, na yeye akayachukua kama ndiyo. Jioni ile akaaga kazi.

Jumatatu getini kulijaa. Mabegi, mabuti mapya, helmeti za kuazima. Wengine walitoka Katoro huko. Masele alikuwa mbele kabisa, amenyoa vizuri.

Mama Kulwa akanivuta pembeni. "Mwanangu, hii imetoka kwetu?"

"Itakuwa wadukuzi, mama."

Akaniamini. Akatoka kuwaeleza watu kwamba tumeingiliwa, kwamba hakuna kazi. Watu wakachafuka. Kijana mmoja akaninyooshea kidole: "Huyo wa kompyuta anajua! Aseme!"

Masele akageuka akasimama kati yetu. "Muacheni. Huyo ni shemeji yangu. Angekuwa anajua, angeniambia."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Haikuchukua muda. Waliopata ujumbe ule wakalalamika, huduma ikatufungia akaunti, ikataka maelezo. Mama Kulwa akanikalisha mbele ya kompyuta: "Waandikie tulivyodukuliwa." Nikaweka vidole, hata herufi moja haikutoka. Nikalia pale pale, nikasema yote.

Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Umenifanya niwadanganye watu usoni." Kazi ikaishia hapo. Nasikia aliwapigia simu watu wale mwenyewe, akiwaomba radhi.

Mimi nikapanda gari kwenda Buseresere. Nafasi ya Masele shuleni ilikuwa imeshajazwa, nikamkuta kwenye mashine ya kusaga, nyusi nyeupe kwa unga. Nikamweleza bila kuficha. Alisubiri nimalize.

"Ule ujumbe ni ajali," akasema. "Ningecheka, ningerudi darasani. Lakini shemeji, mimi nilikuuliza."

Akarudi kwenye mashine. Nilipopita nyumbani kumwona dada yangu, aliniitikia kwa ndani tu. Mlango hakuufungua.

Ninyi wenzangu mnaoandika programu za kutuma ujumbe, msifanye majaribio na majina ya watu wenye matumaini yao. Tungeni majina, tumieni anwani zenu wenyewe, na someni barua zinazoingia. Na mkikosea, semeni saa ile ile, hata kama sauti inatetemeka, hata kama kazi itakwenda. Msiache mtu apange maisha yake juu ya ukimya wenu. Mimi niliacha. Dada yangu amejifungua majuzi, mtoto wa kike. Habari nimezipata kwa watu baki.