Bunduki Niliyoichagua Siku za Zombi

Juzi mwanangu aliinua macho kutoka kwenye simu yake akaniuliza, nusu Kiarabu, nusu kile Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mama, zombi wakija, wewe utachukua bunduki gani?" Alikuwa katikati ya mchezo wake, anataka nimchagulie upesi. Nilikuwa nakunja nguo. Nikamwambia akasali alasiri kwanza, mambo ya bunduki baadaye. Lakini jibu nilikuwa nalo. Nililichagua nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa Bibi, Ibra, Omani.

Sisi tukikaa Nizwa, baba alikuwa na kazi huko, na skuli zikifungwa tu tunapelekwa Ibra mpaka zifunguliwe. Kama umewahi kufika Ibra wakati wa tende, unaijua ile harufu. Tende mbichi za njano zinachemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, moshi na utamu vinachanganyika, nguo zako zinanuka sukari hadi usiku. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuzitandaza juani na kufukuza nyuki. Jioni Bibi anatupikia maharage kwa nazi ya kopo, anailaani ile nazi huku anaimimina. "Nazi gani hii haijui hata mbuzi inafananaje," anasema. Yeye na Babu walitoka bara, Afrika, mji wa kando ya ziwa, na ndani ya nyumba yake hukusema ila Kiswahili. Ukimjibu kwa Kiarabu anajifanya kiziwi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, nzee, na paa bapa lenye ukuta mfupi kuzunguka. Ndani ya majlisi, chumba cha wageni, ilitundikwa bunduki ya Babu, ndefu, mbao zake zimekwisha ng'aa kwa kushikwa, imefungwa vikuku vya fedha. Babu alikwisha kufa kabla sijapata akili. Bunduki ikiteremshwa kwa Idi na harusi tu, ami yangu anaifuta mafuta, wanaume wanachezea razha, ile ngoma ya panga, inarudi ukutani. Risasi haikuwamo hata moja. Bibi hakupenda kuitazama. Aliiacha pale kwa sababu ilikuwa ya mumewe.

Mwaka huo binamu yangu alikuja kutoka Maskati na kanda ya vidio chini ya nguo zake. Alinizidi mwaka mmoja. Mama yake alikwisha achika, amerudi kwao Sur na kuolewa tena, baba yake ndiye huyo ami, mtu wa kazi na safari. Kwa hiyo binamu alikuwa akilelewa na majirani na mikate ya dukani, na kwa Bibi ndiko alikokula akashiba. Mtoto wa miaka kumi na miwili, lakini baada ya chakula cha mchana anakwenda kuweka kichwa kwenye paja la Bibi, na Bibi anamkuna kichwa mpaka wote wawili wanasinzia.

Ile kanda ilikuwa ya maiti wanaofufuka na kutembea. Tuliiona mara tatu, sauti tumeipunguza. Mara ya tatu Bibi alituzukia nyuma yetu, akatazama kidogo, akasema, "Hao mnaowaita zombi ni vizuu. Na kizuu hapigwi risasi. Anasomewa." Akaenda zake jikoni.

Sisi hatukutaka kusoma. Tulitaka kupiga. Binamu alichukua daftari lake la hesabu akaandika kwa hati yake nzuri: SILAHA ZA KUWAPIGIA ZOMBI. Tulibishana siku nzima. Rashasha, alisema yeye, inawafyeka kumi kwa pamoja. Nikasema inamaliza risasi upesi, na zombi hawaishi kuja. Bunduki ya marisau, basi. Hiyo nzuri mlangoni, lakini ya mbali hupati. Bastola ni nyepesi, ila ukikosa kichwa umekwisha. Kila moja aliiandikia uzuri wake na ubaya wake, kama mtu anayenunua gari. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Mimi nachagua ya Babu."

Akacheka. "Ile hata risasi haina!"

"Lakini ipo. Hizo zako ziko wapi? Zombi wakifika Ibra, nani atakufungulia duka?"

Akafikiri, akaliandika jina langu na mbele yake: ya Babu. Niliona fahari kubwa.

Zombi tulikuwa naye tayari. Kila siku baada ya alasiri, njia ya kandokando ya falaji, mfereji wa maji ya mashamba, alipita mzee mmoja jirani, rafiki wa Bibi kutoka kule kule bara. Mguu wake wa kushoto alikuwa akiuburuta, na kichwa amekiinamisha. Alikuwa na kishamba kidogo, na katikati ya mitende ya watu wote yeye alipanda mahindi. Peke yake Ibra nzima, nadhani. Akija kutuletea, Bibi anayachoma juu ya makaa, anapaka ndimu na pilipili, wanakula wawili hao wakizungumza majina ya mitaa ambayo sisi hatukuijua. Mzee mpole. Ukimwamkia "Shikamoo babu," anasimama kabisa, anaitika "Marahaba mwanangu," ndipo anaendelea na safari.

Nasi tulipanda juu ya paa na mabua ya makuti ya mtende, tukayalaza juu ya ukuta mfupi, tukamlenga. "Anakuja," binamu ananong'ona. Tunahesabu moja, mbili, tatu, halafu "Ta!" kwa sauti ndogo, tunaanguka kwa vicheko. Yeye hakutusikia. Dakika tano baadaye tunakula mahindi yake.

Siku moja binamu alikwenda kuoga falajini. Bibi alikuwa chumba cha kondishen, amelala. Sijui kitu gani kilinituma. Nilipanda juu ya mito ya majlisi nikaitungua bunduki ya Babu, nikaikumbatia kama mtoto ngazi hadi juu, nikailaza juu ya ukuta. Daftari nalo nilipanda nalo, nilitaka niandike alama. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua. Mzee akatokea kwenye kona na kifurushi chake.

Sijui bunduki iligonga jiwe au nini. Aliinua kichwa. Akauona ule mtutu.

Kifurushi kilimwanguka. Mikono ikapanda juu, yote miwili, na akapiga magoti pale pale mavumbini, yule mzee mwenye mguu mmoja mzima. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mzima tena: "Sina kitu, bwana. Chukua vyote. Watoto wamo ndani, bwana. Waache watoto."

Sasa nikueleze jambo ambalo hata mume wangu sijamweleza. Mimi sikuishusha ile bunduki mara moja. Nilimwona anatetemeka, nilielewa kwamba huu si mchezo, na bado nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nikasema, "Ta!"

Alianguka mbele, mkono chini yake. Kabla hajaanguka macho yetu yalikutana, na niliona amenijua.

Nilikimbia nikajificha kwenye stoo ya tende. Bunduki niliiacha juu, na daftari kando yake. Mfanyakazi wa shamba la jirani ndiye aliyemwinua mzee akampeleka hospitali, kifundo cha mkono kimevunjika, na yeye ndiye aliyemwonyesha Bibi kule juu ukutani. Bibi, na magoti yake yale, alipanda ngazi mwenyewe. Alishuka na bunduki mkono mmoja na daftari mkono wa pili.

Binamu ndiyo kwanza anatoka falajini, nywele zinatiririka maji.

"Hati hii ya nani?" Bibi akauliza.

"Yangu, Bibi."

"Na hii nani kaiteremsha?"

Binamu akaitazama bunduki, kisha akanitazama mimi. Sikuinua macho.

"Wallahi si mimi, Bibi."

"Usiape!" Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akipiga kelele. "Nani basi? Huyu msichana?"

 Nani angemdhania msichana na bunduki? Nilisimama pale, mikono yangu bado ina harufu ya mafuta ya chuma, nikangoja binamu aseme. Hakusema. Alinitazama tu, muda mrefu, halafu akatazama chini.

Ijumaa ami alikuja kutoka Maskati. Bibi alimwambia, "Mchukue mwanao. Siwezi kukaa na mtu anayemfanyia mchezo mtu aliyekwisha pigishwa magoti." Binamu aliingia garini bila kulia. Aliyelia ni Bibi, jikoni, shuka ya kichwa ameibana mdomoni. Kisha akaniita mimi, mtoto mwema aliyebaki, akanieleza. Siku za machafuko kule kwao wenye bunduki waliingia dukani kwa yule mzee, wakampigisha magoti tangu asubuhi hadi jua linatua, na mke na watoto wakiwa chumba cha nyuma. Mguu wake uliharibiwa siku hiyo. "Usimfanyie hivyo mtu yeyote, mwanangu," Bibi akasema, akanibusu kichwani.

Siku mbili baadaye alinituma nimpelekee mzee mandazi. Yeye mwenyewe aliona haya kwenda. Mzee alikuwa amekaa kibarazani, mkono umefungwa plasta. Nikasema shikamoo. Akaitika, lakini hakusimama.

"Umeshakula wewe?" akauliza.

"Nimekula, babu."

"Mimi nimewaambia watu niliteleza," akasema taratibu. "Mtoto ni mtoto. Yamekwisha." Kisha akaangalia njia niliyokuja nayo. "Mwenzako mbona simwoni?"

Ungeona jinsi mlango ulivyokuwa wazi, rafiki yangu. Neno moja tu, na mzee yule angechukua fimbo yake, akajikokota hadi kwa Bibi, akayasema yaliyotokea. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

"Amerudi kwao," nikasema. "Skuli zinakaribia kufunguliwa."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua mandazi.

Hakupita tena ile njia. Alizunguka upande wa msikiti, safari ndefu kwa mguu ule, na mahindi hakupanda tena. Alikufa miaka michache baadaye. Binamu naye hakuletwa tena Ibra. Kwa Idi akimpigia Bibi simu, wakisalimiana kama wageni, na Bibi akikata anarudi jikoni. Nilijiambia nitasema nikimaliza skuli. Kisha nikaolewa. Kisha Bibi akaanza kuugua, nikajiambia si wakati wa kumtia huzuni.

Siku ya tatu ya matanga yake nilimkuta binamu nyuma ya nyumba, penye masinia ya wali. Mtu mzima sasa, ana ndevu, ana kazi Sur. Nikamwambia yote kwa mara moja, hadi ile "Ta!" Alinisikiliza amesimama.

"Najua ulikuwa wewe," akasema. "Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."  "Bibi alijua?"

Nikasema hapana. Akainama, akainua sinia upande wake, akaningoja niinue upande wangu, tukalipeleka kwa wageni.

Ile nyumba sasa hakuna anayekaa. Mvua mbili kubwa ziliubomoa ukuta wa juu, kisha majlisi, na vijana wa ami mwingine wanasema watajenga maghala. Tende za kuchemsha ni watu wachache tu wanaofanya. Kiswahili chetu cha Ibra kiliondoka na Bibi, na sisi tuliobaki tukikutana tunakichanganya, tunakosea, tunacheka. Ndugu zangu wakikutana hupenda kumkumbuka Bibi. Wanasema alikuwa na moyo mweupe, hakumkosea mtu haki hata siku moja, isipokuwa lile jambo la yule mtoto na bunduki, na hata hilo walikwisha mwona ana haki. Wanasema hivyo mbele yangu, wananipa kikombe cha kahawa. Mimi nakipokea, nakunywa.